Semeni Aliyeacha Kusema

Paukwa!

— Pakawa.

Weee, hiyo pakawa ya wagonjwa. Paukwa!

— Pakawaaa!

Sasa ndiyo. Hadithi hii sikusimuliwa na mtu. Nimeiona mwenyewe kwa macho haya mawili, na la tatu nililokuwa nalo kisogoni zamani hizo.

— Muongo! Ulikuwa hujazaliwa!

Sijazaliwa, ndiyo. Nilikuwa tumboni, nachungulia kwenye kitovu cha mama. Nani kati yenu alichungulia? Hakuna. Basi tulieni. Na habari za shule msiniulize. Nilisoma mpaka mwalimu akaomba apumzike.

Zamani hizo jogoo bado anajifunza kuwika, mbuzi bado hajaota ndevu, palikuwa na kijiji. Kijijini palikuwa na bibi, anaitwa Kidawa. Mzee huyo! Kobe akikutana naye njiani anatoa shikamoo. Kazi yake kuwafunda wari. Kila mwanamwali wa kijiji kile alipita mikononi mwake, na siku ya kumtoa, Bibi Kidawa anamshika kidevu, anamwambia, "Mwanangu, mume akikuudhi, funga mdomo. Mdomo ukifunguka, nyumba inabomoka."

Wari wanaitika, "Ndiyo, bibi." Wanafunga mdomo.

Mmoja wa wari hao aliitwa Mize. Akaolewa na Makungu. Wakakaa vizuri, wakapata binti, wakamwita Semeni. Semeni yule kwa kusema! Kasuku walikuja kwake kusoma. Akianza kusimulia ndoto, mtama unapandwa, unavunwa, unapikwa, yeye bado hajafika ndotoni kwenyewe.

Sasa siku moja Makungu alipata wageni. Mize akapika samaki kwa nazi. Harufu ile, wafu waligeuka makaburini wakauliza, "Kwa nani huko?" Makungu akaonja, akasukuma sahani mbele ya wageni. Akasema, "Mama yangu hapiki hivi."

Hee! Mbele ya wageni!

Mize akafanya alivyofundwa. Akafunga mdomo. Makungu akangoja mkewe aseme. Mke hakusema. Akasema moyoni, "Mwanamume mimi nianze? Nibembeleze?" Naye akafunga mdomo. Nyumba ikawa kimya, mjusi akikohoa ukutani, kijiji cha tatu wanamwambia pole.

Lakini nyumba haiendi bila maneno. Maji ya kuoga je? Kuni je? Mize yuko uani, Makungu yuko barazani, na katikati yuko nani?

— Semeni!

Semeni. "Semeni, mwambie baba yako maji tayari." Pata, pata, pata, anakwenda barazani. "Mwambie mama yako aoge yeye." Pata, pata, pata, anarudi uani. Uani, barazani. Barazani, uani. Sakafu ya ukumbi ilichimbika ikawa mfereji, bata wakahamia.

Maneno nayo yakazidi uzito. "Mwambie baba yako, ningejua ningeolewa na kinu." Pata, pata. "Mwambie mama yako, njia ya kwao anaijua." Pata... pata...

Mtoto yule akaanza kuchoka. Siyo miguu, mdomo. Maneno yale yalikuwa yanamchoma ulimi. Basi unajua alifanya nini? Alianza kuyabadilisha njiani. Ametumwa kinu, akifika barazani anasema, "Mama anakusalimu." Ametumwa njia ya kwao, akifika uani anasema, "Baba anaomba radhi."

Mize akatabasamu. Akajifunga kanga vizuri, akatoka mpaka mlango wa baraza, akafungua mdomo. "Baba Semeni, nimeipata radhi yako. Nimefurahi."

Makungu akashtuka. "Radhi? Mimi? Nikuombe radhi wewe?"

"Mtoto kasema."

"Mtoto muongo!"

"Basi na salamu zangu ulizoletewa, uongo pia. Mimi sijakusalimu!"

Jamani, siku hiyo ndiyo waliyokubaliana kwa mara ya kwanza. Walikubaliana kwamba mtoto ni muongo. Makungu akanyanyua mkono. Paa! Mdomoni. "Mdomo huu unatugombanisha!" Mize akasimama pale mlangoni. Hakumtetea.

Semeni hakulia. Alifunga mdomo. Hakusema siku ile, hakusema kesho yake. Ukimuita anakuja, ukimuuliza anakutazama. Jina Semeni, mwenyewe hasemi.

Majirani wakaja na ujuzi wao. "Hicho ni kimeo! Kile kinyama cha kooni kimerefuka, kimeziba maneno. Aitwe mkata vimeo." Makungu na Mize wakatazamana. Sababu walikuwa wanaijua. Lakini kuisema mbele ya majirani? Aibu! Wakaona afadhali koo la mtoto likatwe kuliko wao kuaibika. Wakaitikia, "Kweli, ni kimeo."

Mkata vimeo akaja, akakaa uani, akanoa kisu. Kwechu, kwechu, kwechu. Kisu chenyewe kikali, kinakata kivuli, kivuli kinatoa damu. Semeni yuko pale, kamshika mama yake kanga.

Habari ikamfika Bibi Kidawa. Akatoka mbio, kivuli chake kikafika keshokutwa.

"Weka kisu chini," akasema. "Makungu, mtoto huyu alikuwa na kazi gani humu ndani?"

"Kazi gani, bibi? Anatumwa tu kama watoto wengine."

"Anatumwa nini?"

"Maneno."

Bibi akawatazama wote wawili. Akakaa ukumbini, katikati ya uani na baraza, akampakata Semeni. "Mjukuu wangu, wewe pumzika. Leo mjumbe mimi. Mize, nitume."

"Bibi! Nikutume wewe? Mimi sina adabu?"

"Mtoto ulimtuma. Yale yale uliyompa, nipe. Nipeleke nini kwa mumeo?"

Mize akafungua mdomo. Neno la kinu likamfika kooni. Atamtamkiaje mzee neno lile? Akajifunika uso na kanga.

"Haya, Makungu. Nitume wewe. Mama Semeni nimwambie nini?"

Makungu akatokwa jasho, vifaranga vitatu vikazama. "Bibi, nisamehe. Maneno yale siwezi kukupa wewe."

"Kwa nini?"

"Wewe mzee. Ni aibu."

"Kwangu ni aibu. Kwake?"

Makungu akainamisha kichwa. Hata mkata vimeo aliinamisha kichwa, na yeye hakuwa mtu wa haya.

Ndipo Mize akatoa uso kwenye kanga. Machozi yanamwenda. "Lakini bibi, ni wewe! Wewe ulinishika kidevu. Uliniambia nifunge mdomo. Nimefunga. Nikasemea mdomo wa mwanangu."

Sasa hapo, wenzangu, mimi pale kitovuni nilifumba macho. Kumwona mzee akiaibika si jambo la kuchungulia. Bibi Kidawa alitazama mikono yake, ile iliyoshika videvu vya wari wote wa kijiji. Akasema, "Kweli. Nilikufunda vibaya, mwanangu. Wewe na wenzako. Nitapita nyumba kwa nyumba kuwaambia." Akamgeukia mtoto. "Na wewe, mjukuu wangu, uniwie radhi. Wewe ulisuluhisha, sisi tukakupiga."

Makungu akatoka barazani. Akaita, "Mize."

"Abee."

"Siku ile samaki alitoka kwa kaka yako. Wageni walijua. Niliona haya kuwalisha chakula cha shemeji, haya hiyo nikaitemea kwako."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia."

Mkata vimeo akauliza, "Sasa nikate, nisikate?"

"Nenda zako!" wakamjibu wote wawili kwa mpigo.

Makungu akapiga magoti mbele ya binti yake. Baba mzima! "Mwanangu, mdomo wako haukuwa na kosa. Nisamehe." Na Semeni akafungua kinywa, akasema kwa sauti iliyopukutisha majani ya miti yote, "Nimewasamehe!"

Basi neno unaloona haya kumpa mzee akubebee, usimtwike mtoto. Ngano yangu imefika kikomo, na aliye na mdomo aongee na mwenzake mwenyewe.

— Ngoja. Alisema palepale? Kwa mdomo ule uliopigwa?

Si nimewaambia niliona?

— Palepale?

Haya. Mmenibana. Hiyo "nimewasamehe" nimeitia mimi. Nilitaka mlale vizuri. Siku ile Semeni hakusema kitu. Alimtazama baba yake pale chini, akamtazama mama yake, akaingia ndani. Wakaanza kuongea wenyewe, uani na baraza, na yeye anasikiliza, na kila wakimwona wanainamisha macho. Mtama ulipandwa, ukavunwa. Asubuhi moja akatoka bandani, akasema, "Kuku ametaga." Basi. Hakuna aliyethubutu kumwambia arudie.