Kiboko, Bi Mjusi na Rehani ya Mtaa wa Milango

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitika kama mna pamba mdomoni? Ngano yangu ina kiboko ndani yake, mkiitika kivivu hatasikia. Tena, kwa nguvu. Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na nini?

Palikuwa na mlango!

Nani hulala nyuma yake?

Sisi!

Na karatasi yake anayo nani?

Mwenye tumbo kubwa!

Haya, sasa mmeamka. Wewe unayetafuna kashata, meza kwanza. Mbele kuna mahali pa kucheka, na sitaki mtu apaliwe nyumbani kwangu.

Hapo kale, lakini si kale sana, maana kodi zilikuwa zimeshaanza, palikuwa na mji wa wanyama ukiitwa Chokaa. Ndani ya mji huo mlikuwa na Mtaa wa Milango. Nyumba zake za mawe zilijengwa na mababu wa mababu. Milango ilichongwa maua na minyororo. Kuta zilikuwa nene, na zilikuwa na nyufa. Katika nyufa hizo walikaa wadogo wa mji: popo, panya, nyuki, na Bi Mjusi.

Bi Mjusi alikuwa mdogo kama kidole, macho makubwa, mdomo mwepesi. Siku hizo alikuwa ametaga mayai mawili katika ufa ulio juu ya mlango wa nyumba ya tatu. Nanyi mnajua mayai ya mjusi. Yakishagandana na ukuta, hayahamishiki. Ukiyabandua, yanapasuka. Kwa hiyo ukuta ule ukianguka, watoto wa Bi Mjusi wameanguka nao.

Sasa, ardhi ya mtaa ilikuwa ya mji. Lakini mji ulikuwa umempangisha Kiboko ardhi yote kwa hati yenye muhuri: akae nayo, azitengeneze nyumba, muda ukiisha airudishe. Kiboko akaipokea hati kwa mikono miwili. Miaka kumi ikapita. Hakupaka chokaa hata ukuta mmoja.

Akiulizwa, anasema, "Sina fedha."

Akiambiwa akope, anasema, "Kifungu cha tano kimenifunga."

Na kweli. Kifungu cha tano cha hati kilisema: Mpangaji hataiweka ardhi hii rehani kwa yeyote. Na mkopeshaji wa mji alikuwa mmoja tu, Mamba, ambaye hakopeshi bila rehani. Hata salamu yake alikuwa akiipima kabla ya kuitoa.

Siku moja Kiboko akaingia nyumba ya tatu na kamba ya kupimia. Gudu! Gudu! Gudu! Akadhani yuko peke yake. Jamani, ndani ya nyumba ya kale mtu hayuko peke yake hata siku moja! Bi Mjusi alikuwa darini, ametulia, anasikiliza.

"Ukuta huu, chini," Kiboko akasema, anapima. "Ukuta ule, chini. Na ule, chini. Hapa dimbwi la kuogelea. Pale dimbwi jingine, langu mwenyewe. Milango ibaki mbele, wageni wapige picha. Kifungu cha tano kikitoka tu, nakopa, navunja."

Bi Mjusi akayatazama mayai yake. Moyo ukampiga pu, pu, pu. Aliogopa, nisiwadanganye. Akalia kidogo, kisha akajifuta macho kwa ulimi, kama wafanyavyo mijusi, akaenda barazani kwa Meya kabla Kiboko hajafika.

Meya wa Chokaa alikuwa Batamzinga, na madiwani wake walikuwa mabata. Katika mji ule kulikuwa na desturi moja: mwenye ombi huja na sinia la pilau. Ombi husomwa, na sinia linapofunuliwa ndipo madiwani hupiga kura. Wao husema ni kwa ajili ya kuokoa muda. Mimi sisemi kitu.

Kiboko akaja na masinia manne.

"Waheshimiwa," akasema, "Mtaa wa Milango unaoza. Urithi wa babu zetu unaanguka, nami roho inaniuma. Ondoeni kifungu cha tano, nikope, niufufue mtaa. Na muda wangu nao ni mfupi mno. Nipeni miaka tisini na tisa."

"Kwa-kwa-kwa!" wakasema mabata, macho kwenye masinia.

Mamba alikuwa amekaa pembeni. Akatoa karatasi yake. "Mimi nakubali kukopesha," akasema, "lakini mahali pa kifungu kilichotoka kiwekwe hiki."

Karani Kunguru akasimama, akasafisha koo, akasoma: "Mpangaji atazunguka mtaa pamoja na mwenyeji mmoja, atamke kila kilichomo katika rehani. Mkopo utakuwa kwa kadiri ya kilichomo. Na kila kilichotamkwa kuwa kimo hakitavunjwa, hakitaondolewa, wala hakitavuka mpaka wa mtaa, mpaka..."

Pwaa! Sinia la kwanza likafunuliwa. Harufu ya mdalasini na iliki ikajaa ukumbini.

"Kwa-kwa-kwa! Tumepitisha!"

"...mpaka deni lote lilipwe," Kunguru akamalizia, lakini alikuwa akivisomea viti. Meya akapiga muhuri, pa! Kiboko mwenyewe alikuwa ameshatia mkono katika sinia la pili. Waliosikia hadi mwisho walikuwa watatu: Kunguru aliyesoma, Mamba aliyeandika, na Bi Mjusi aliyekuwa juu ya dari.

"Mwenyeji awe nani?" Meya akauliza, mdomo umejaa.

"Nipeni mdogo kuliko wote," Kiboko akasema. "Sitaki mwenye kelele."

"Che-che-che," ikatoka sauti darini. "Mimi hapa, bwana mkubwa. Sauti yangu ndiyo hii tu."

Kiboko akacheka mpaka masinia yakatikisika.

Kesho yake asubuhi wakatoka. Mbele Bi Mjusi, anatambaa ukutani. Nyuma yake Kiboko, gudu, gudu, gudu. Nyuma ya Kiboko, Kunguru na kalamu yake. Mamba akawafuata polepole, anavuta mkia.

Wakafika nyumba ya kwanza.

"Nyumba hii, bwana mkubwa, imo?"

"Imo!"

Kwaru, kwaru, Kunguru akaandika.

"Na mlango?"

"Umo!"

Kwaru, kwaru.

"Haya, twende," akasema Kiboko. "Nyumba na milango, basi, inatosha."

Bi Mjusi akatikisa kichwa. "Kama unaona inatosha, sawa. Mimi mdudu wa ukutani, najua nini? Ila nilimsikia Bwana Mamba akisema mkopo ni kwa kadiri ya kilichomo. Kuta za ndani nazo ni za kale vilevile. Ukiziacha, si utapata nusu?"

Kiboko akasimama. Nusu! Neno hilo lilimchoma. Akamgeukia Mamba. "Kuta za ndani zinaongeza mkopo?"

"Zikiwamo, zinaongeza," Mamba akasema.

"Zimo!" Kiboko akanguruma. "Zote zimo!"

Kwaru, kwaru, kwaru.

Wakafika nyumba ya pili.

"Na ufa huu? Una umri wa miaka mia mbili. Nyumba mpya haina ufa kama huu hata ukiutafuta kwa taa. Umo?"

"Umo!"

"Na popo waliomo ndani ya ufa? Babu zao waliona nyumba ikijengwa."

"Wanaongeza?" Kiboko akamwuliza Mamba.

"Wakiwamo, wanaongeza."

"Wamo!"

"Na nyuki?"

"Wamo!"

"Na panya?"

"Wamo, wamo! Andika, Kunguru, mbona kalamu yako nzito?"

Kunguru akaandika mpaka ukucha ukamwuma. Kiboko jasho linamtoka, lakini anacheka. Kila "wamo" aliyoitamka aliona mkopo ukinenepa.

Wakafika nyumba ya tatu. Hapo sauti ya Bi Mjusi ikatetemeka kidogo, ila Kiboko hakuwa na sikio la kusikia mtetemo.

"Na mayai haya mawili juu ya mlango? Madogo, ni kweli. Lakini ni ya mtaa, na yameshikamana na ukuta. Yamo?"

Kiboko akayatazama. "Vipele hivi?"

Kunguru akainua kalamu.

"Hata vipele vimo!" Kiboko akasema. "Yamo!"

Kwaru.

Bi Mjusi akashusha pumzi. Angeweza kuishia hapo, na mwema angeishia hapo. Lakini alikumbuka ile kamba ya kupimia, na maneno "chini, chini, chini". Akateremka mlangoni mpaka akawa sawa na pua ya Kiboko.

"Limebaki moja, bwana mkubwa, ila nasita kuliuliza."

"Uliza, kidudu!"

"Tumetaja mawe, tumetaja panya. Sasa nawaza, watu watasemaje? Kwamba panya ana thamani katika mtaa huu, na Kiboko, mwenye mtaa, hana? Wewe bwana mkubwa, umo au humo?"

Kiboko akavimba. Masikio yakasimama. Aachwe yeye, atajwe panya?

"Nimo!" akanguruma, mpaka vumbi likadondoka darini. "Tena niandike wa kwanza! Kwa herufi kubwa!"

Kunguru akaandika kwa herufi kubwa. Kiboko akatia sahihi. Meya akaja na pilau ya jana mdomoni, akapiga muhuri. Pa! Mamba akatoa mkopo palepale, wote, bila kupunguza. Watu wakashangaa. Mamba, na kutoa kwa tabasamu?

Siku ya pili Kiboko akanunua nyundo kubwa. Akaja nyumba ya tatu, akainua nyundo juu.

"Hodi," akasema Mamba nyuma yake. "Ukuta huo umo."

"Umo nini?"

"Umo ndani ya rehani. Kilichomo hakivunjwi. Kunguru, msomee."

Kunguru akamsomea kifungu, safari hii bila sinia. Kiboko akakisikia chote. Nyundo ikamponyoka, ikamwangukia kidole. Aii!

"Basi nitakwenda mtoni kwanza," akasema, machozi yanamlengalenga. "Ngozi yangu inakauka. Tutazungumza nikirudi."

Akapiga hatua moja kuelekea mpaka wa mtaa.

"Hodi tena," akasema Mamba. "Na wewe umo."

Kiboko akageuka huku. Akageuka kule. Akamtazama Meya, na Meya akajifanya anahesabu mawingu. Jua likamwakia mgongoni. Ngozi ya kiboko bila maji si kitu cha mzaha, ngozi hupasuka kama ukuta. Mara ya kwanza katika maisha yake Kiboko akaogopa, akaogopa kweli, akaita kwa sauti ndogo:

"Bi Mjusi. Mama yangu. Nitakufa hapa."

"Hutakufa," akasema Bi Mjusi. "Sisi wa nyufani si wauaji. Maji tutakuletea kwa ndoo. Ila mji wetu una desturi, mwenye ombi huja na kitu. Ndoo moja ya maji, ukuta mmoja wa chokaa."

Kiboko akafanya nini? Alikuwa na mkopo, akanunua chokaa. Akapaka ukuta mmoja, akamwagiwa ndoo moja. Shwaa! Akapaka wa pili, akamwagiwa ya pili. Shwaa! Paa likivuja, huziba. Boriti ikilegea, huishikilia kwa mgongo mpaka fundi aje. Mtaa wa Milango ukang'aa hivi kwamba wageni walianza kuja kuutazama, na fedha zao zote zikaenda kwa Mamba kulipia deni.

Mayai yakaanguliwa. Mijusi wawili wadogo wakatoka, na mahali pao pa kwanza pa kuchezea palikuwa pua ya Kiboko. Hakuwafukuza. Wamo.

Na kila mwezi mwandamo Kunguru huja na daftari, Mamba kando yake.

"Milango?"

"Imo," hujibu mtaa mzima.

"Nyuki?"

"Wamo."

"Kiboko?"

Kutoka chini ya boriti, sauti nzito hujibu:

"Nimo."

Ngano yangu imefika kizingitini. Ikiwa tamu, nyweeni chai nayo. Ikiwa chungu, mpelekeeni Meya, yeye hupiga muhuri chochote.

Na funzo lake, wanangu, ni hili: msisome mikataba. Kusoma ni kazi ya mijusi wasio na shughuli. Sinia likifunuliwa, kuleni kwanza. Mkiulizwa kama mmo, itikieni upesi, kwa herufi kubwa. Hivyo ndivyo wafanyavyo wakubwa, na mji huwaweka mahali pa heshima miaka tisini na tisa.

Anayebisha aende Mtaa wa Milango amwulize Kiboko mwenyewe. Hana haja ya kupiga hodi mara mbili. Yumo.