Ufunguo wa Choo cha Ploti

Wahenga hawakukosea waliposema kwamba anayeuficha ugonjwa wake, ipo siku kilio kitamtangaza. Asiyeamini na amuulize Nasike, mshonaji wa Kabiro, Kawangware, mke wa mwashi Shivachi.

Mimba yake ya kwanza ilikuwa imeshaonekana mkojo ulipoanza kumchoma kama pilipili na kumbana kila mara. Hofu ikamvaa. Shivachi alikuwa na wivu, na pale plotini, kwenye vyumba vya kupanga vya ua mmoja, watu walishikilia kwamba ugonjwa wa mkojo huletwa na uzinzi. Ulikuwa uongo mtupu, lakini uliaminiwa kama Injili. Isitoshe, ufunguo wa choo cha pamoja ulikaa kwa Mama Hope, jirani ambaye macho yake hayakulala.

"Kwani ni wewe tena?" Mama Hope alimuuliza siku moja. "Uko na shida gani?"

"Sina shida," Nasike alijibu. Tangu hapo akaacha kunywa maji ili asiufuate ufunguo ule.

Maumivu yalipozidi alikwenda mtaa jirani wa Gatina kwa siri, kwa muuzaji wa dawa za mitishamba za Kichina. Alipoulizwa anaugua nini, aliona haya kutaja mkojo.

"Ni mgongo tu," alidanganya, tumbo amelifunika kwa leso.

Akapewa dawa ya mgongo. Akainywa kwa imani, maskini.

Homa ikapanda. Meno yaligongana mchana kweupe, na mtoto aliyezoea kucheza tumboni akatulia. Nasike aliogopa kufa, ila aliogopa zaidi kusema. Shivachi alimkuta ameanguka kando ya cherehani, akambeba mbiombio hadi hospitali.

"Mbona mmechelewa?" daktari aliuliza baada ya kupima mkojo. "Maambukizi yamefika kwenye figo."

Shivachi akamwonyesha pakiti ya dawa aliyoikuta mezani nyumbani.

"Hii ni ya mgongo," daktari akasema. "Na hata dawa za mitishamba za mkojo, utafiti wake bado ni mdogo. Mama mjamzito anahitaji kupimwa na kupewa antibiotiki mapema."

Nasike alipona. Mtoto hakupona.

"Si ungeniambia tu, Nasike?" Shivachi alisema huku machozi yakimtiririka. "Ningekasirika, sawa, lakini ningekuleta."

Waliporudi nyumbani, majirani walijaa mlangoni kuomboleza, Mama Hope mbele yao, na kila mmoja akauliza ni nini kilichomuua mtoto. Nasike akainamisha kichwa, akawaambia yote mbele ya mumewe. Hakika, mficha maradhi kilio humfichua.