Shamba la Tangawizi na Gari Lililochemka

Hapo zamani, si zamani za majitu bali zamani za juzijuzi tu, wakati barabara ya kuvuka milima ya Upare ilikuwa bado udongo mwekundu, aliishi mjane aitwaye Namsifu. Alikuwa na binti mmoja, Naelijwa. Alikuwa na shamba dogo la tangawizi bondeni, lenye mfereji usiokauka. Na alikuwa na gari kuukuu la mizigo, alilomwachia shemeji yake Yonazi aliendeshe.

Asubuhi moja Naelijwa alipokuwa anang'oa tangawizi, kifutu, nyoka mwenye sumu kali, akamuuma mguuni. Mama alifika mbio na kukuta mguu unavimba huku anautazama. Yeye na Yonazi wakampakia garini. Kadeghe, fundi magari wa pale kijijini, alipoona mtoto anapakiwa akarukia nyuma bila kuulizwa. Hospitali ilikuwa ng'ambo ya mlima.

Gari likapanda, likapanda, likapanda. Kabla ya kufika kileleni likapiga mluzi kama birika, mvuke ukafuka mbele, likasimama.

Namsifu akatazama mshale wa joto. Ulikuwa umelala chini kabisa.

“Yonazi, gari limechemsha. Mbona mshale haujapanda?”

Yonazi hakumtazama usoni. “Nilikata waya wake, shemeji. Ulikuwa unapanda kila nikibeba mzigo. Niliogopa ukiuona utalisimamisha gari.”

Namsifu akamkazia macho. Na huyu ndiye aliyemkabidhi roho ya mwanawe!

Kadeghe alikuwa keshafunua boneti. Feni nzima. Hakuna mpira uliopasuka. Akagusa mpira wa juu wa rejeta, akarudisha vidole upesi. Akagusa wa chini, akautulizia kiganja.

“Wa juu unaunguza, wa chini baridi,” alisema. “Maji hayazunguki. Themostati, kile kilango cha kupitisha maji, imekwama, imeziba njia.”

“Si ndiyo ile uliyoifunga wewe?” Yonazi akaropoka. “Uliing'oa kwenye gari bovu!”

Kadeghe akainamia injini. Namsifu akamgeukia, macho yamemtoka. “Kumbe na wewe?”

“Tungoje ipoe,” Kadeghe alisema kwa sauti ndogo. “Nikifungua sasa itanibabua.”

Ndani ya gari Naelijwa alitapika, kisha kope zake zikaanza kufumba. Namsifu akapiga ukelele uliozunguka mlima mzima.

“Atakayemfikisha mwanangu hospitali akiwa hai, shamba langu la bondeni ni lake! Mungu ananisikia!”

Kadeghe alivua shati, akauzungushia mkono, akafungua mfuniko wa themostati. Maji ya moto yalimrukia kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko. Alilia kama mtoto, lakini hakuachia. Aliichomoa ile themostati, akaitupa porini, akafunga. Ngozi ya mkono ilikuwa inaning'inia.

“Sasa maji,” alisema. “Bila maji hatutoki hapa.”

Maji yenyewe yako wapi? Ndipo akatokea mwanamke na ndoo kichwani, Nakiete jina lake. Namsifu alimwangukia miguuni. Nakiete akachungulia garini, akamwona mtoto.

“Haya ni ya kumwoshea mama yangu,” alisema. “Amefariki alfajiri. Kisima chetu kimekauka, nimeyatoa mbali, na watu wananingoja.”

Namsifu alirudi nyuma, mikono kinywani. Alikuwa ameomba maji ya maiti! Lakini Nakiete alitua ndoo chini.

“Mama yangu hana haraka tena,” alisema. “Mimineni.”

Ndoo moja haikujaza rejeta. Hata hivyo, gari likawaka, likapanda. Karibu na kilele mvuke ukaanza upya.

“Zima!” Kadeghe alipiga kelele. “Injini itanoki, itakufa kabisa!”

Yonazi hakuzima. Injini ikagonga kama nyundo, ikafa palepale pua ya gari ilipoinama kwenye mteremko. Injini ikiwa imekufa, breki nazo zikawa ngumu kama jiwe. Yonazi akasimama juu ya breki kwa miguu yote miwili, akilikwaruza gari kwenye ukingo wa mlima, kona baada ya kona, mpaka ukuta wa hospitali ukawasimamisha. Uso wake ulijaa damu. Akamnyakua mtoto, akakimbia naye ndani.

“Mngechelewa kidogo tu, angekufa,” daktari alisema.

Naelijwa alipona. Alipoanza kutembea, wenye madai wakaja.

“Shemeji, uliapa kwa atakayemfikisha,” alisema Yonazi. “Gari lilikuwa maiti. Nani alilifikisha?”

“Bila mimi lingefika kileleni kwa lipi?” alisema Kadeghe. Akafungua bandeji. “Tazama. Vidole havikunji. Sitashika spana tena maishani.”

Nakiete alikuja wa mwisho, na kifurushi cha nguo. “Sikuja kudai,” alisema. “Lakini mama alikaa bila kuoshwa hadi kesho yake, na kaka zangu wamenifukuza kwa aibu hiyo. Nimekuja kuuliza kama kiapo chako kilinihusu na mimi.”

Namsifu akapiga hesabu. Shamba lile ni dogo, mfereji ni mmoja; ukiligawa, limekufa. Akawatazama wale wanaume wawili. Mikono iliyomwokoa mwanawe ndiyo iliyokaribia kumuua, naye hakujua aibusu au aikate. Akamtazama Nakiete, ambaye hakupanda gari wala kushika spana, ila bila ndoo yake wasingetoka pale.

Haya, ninyi mlionisikiliza, msinong'onezane. Semeni kwa sauti: Namsifu ampe nani shamba lake?