Masikio ya Faradji

Ulafi si wa tumbo peke yake. Yapo na masikio yasiyoshiba. Hayo ndiyo aliyokuwa nayo Faradji wa Mbugangari, karani wa simu ya upepo katika gati la Gisenyi, mwaka wa 1956. Kazi yake ilikuwa kupokea ishara za Morse kutoka kwa boti za ziwani, lakini yeye alitaka kuisikia Bukavu, Goma na Usumbura kwa mpigo. Jioni watu wa mtaani walimzunguka wakimdai habari, naye kichwa kikamvimba.

Redio yake ilikuwa na kichujio. Swichi ikiwekwa penye wembamba, kituo kimoja tu ndicho kilichopita, tena ukizungusha kitufe cha stesheni kwa papara, kituo hicho kilipotea. Ikiwekwa penye upana, vyote viliingia pamoja kama wauza samaki wanaomgombea mteja mmoja. Faradji hakuutaka wembamba hata kuusikia. "Nani hufunga madirisha tisa abaki na moja?" alizoea kusema.

Adhuhuri moja ya Machi ziwa lilichafuka, na boti ya nahodha Mbonigaba ikaomba msaada. Faradji alitega masikio katika ghasia ile, akaandika, kisha akatangaza kwa sauti: injini imekufa, tuko Kibuye. Hitimana, nahodha wa boti ya pili, alikuwa amekwisha washa injini aende kuwavuta, ndipo Mukamazimpaka, mke wa Mbonigaba, alipochungulia dirishani.

"Kibuye?" akamaka. "Hapana! Boti ya bwana yangu inatoka Bukavu, inapitiaka kisiwani Ijwi!"

"Mama, redio ndiyo imesema."

"Redio gani? Mi nasikia makelele tu. We unashika watu wote mara moja. Shika mutu moja, Faradji!"

Faradji akatahayari. Alikumbuka kwamba boti nyingine ilikuwa Kibuye ikipakia kahawa, nayo ilipiga ishara saa ile ile. Alikuwa ameziunga habari mbili zikawa moja, na huku mawimbi yalikuwa yakiisukuma boti ya Mbonigaba kwenye miamba.

Akageuza swichi. Bukavu ikanyamaza, Goma ikanyamaza, na kimya kile kikamtia hofu. Akazungusha kitufe taratibu, kwa ncha za vidole, mpaka mluzi mmoja mwembamba ukajitokeza, safi. Akapiga: rudia. Jibu likaja neno kwa neno: kaskazini ya Ijwi, watu saba, wazima, fanyeni haraka.

"Hitimana! Iko Ijwi, kaskazini! Kimbia!"

Kabla ya jua kuzama boti mbili ziliingia, moja ikiivuta nyingine. Mbonigaba alishuka amelowa chapachapa, na mkewe akamgombeza huku akilia kwa furaha. Faradji aliona raha ambayo habari za miji yote hazijapata kumpa. Watu wa Mbugangari walipomuuliza Bukavu kuna nini, alicheka.

"Sijui, ndugu zangu. Leo nilisikia watu saba tu."

Ama kweli, mtaka yote kwa pupa hukosa yote.