Maiki Iliyojibu "Nipo"

Kulikuwa na mama mmoja, fundi wa kushona nguo. Mikono yote miwili iko kwenye kitambaa, miguu iko kwenye cherehani, simu ataishika na nini? Basi alikuwa anavaa hedifoni za masikioni, zile zenye maiki ndogo kwenye waya, na siku nzima zinaning'inia kifuani pake katikati ya nyuzi na vumbi la vitambaa. Wateja wakimpigia wanalalamika, "Mama, husikiki!" Yeye analaumu mtandao. Nani kati yetu hajawahi kulaumu mtandao?

Mama huyu alikuwa na binti mmoja tu, na walikuwa hawasemezani. Binti aliolewa na mtu ambaye mama hakumtaka, basi, mwaka mzima kila mtu kanuna kwake. Siku moja simu ikaita.

"Mama, nisikilize kwanza. Nina mimba ya miezi minane. Kwetu mimba ya kwanza mtu anajifungulia kwa mama yake. Nije?"

Mama akaacha kushona. "Njoo, mwanangu! Njoo hata leo! Yale yameisha!" Akamsikia binti analia, kisha simu ikakatwa. Akajisemea, maskini, analia kwa furaha. Akafagia chumba. Akashona vinguo vinne vya kichanga, na kimoja akakitia lesi.

Wiki ya kwanza ikapita, binti haji. Akimpigia, hapokelewi. Wiki ya tatu akaja dada wa mama huyu, uso umekunjamana. "Wewe una moyo gani? Mtoto anakuomba aje kuzaa kwako, unamnyamazia?"

"Mimi? Nilipiga kelele mpaka wapita njia wakageuka!"

Akabeba simu na hedifoni zake mpaka kwa fundi simu. Fundi akaishika pini ya waya, akamwonyesha.

"Unaona hii mistari mitatu myeusi, mama? Maana yake hizi zina maiki. Ukichomeka, simu haipokei tu, inauliza kwanza. Inapitisha umeme kidogo sana, inapima jibu. Pini ya mistari miwili inajibu, mimi ni masikio tu. Hapo simu inatumia maiki yake yenyewe. Hizi zako zilijibu, maiki nipo. Simu ikaamini, ikafunga ya kwake."

"Sasa kosa liko wapi, kama maiki ipo?"

Fundi akachukua sindano, akachokoa kitundu cha maiki. Kikatoka kibonge cha nyuzi kilicholowa mafuta ya cherehani. "Ipo, mama. Ila haisikii. Simu inapima kama ipo, haipimi kama inafanya kazi."

"Na ile ya simu?"

"Nzima kabisa. Ilikuwa hapo mezani, imezimwa."

Mama akapiga palepale, bila waya. Siku hiyo binti akapokea. "Mwanangu, nilikuambia njoo! Wallahi nilikuambia!" Kwa mbali akasikia kichanga kinalia.

"Amezaliwa juzi, mama," binti akasema. "Nilishikwa mkono na mwanamke ambaye hata jina lake silijui."

Wapendwa, nani alimkosea mama huyu? Simu? Simu iliuliza. Hedifoni zisizo na maiki zisingemdhuru, kwa sababu zingesema kweli, "sina," na njia nyingine ingefunguka. Aliyeumiza watu ni yule aliyejibu "nipo."

Mnanitazama mimi kama vile nawasema ninyi. Hapana, leo najisema. Mwaka jana tuliuliza hapa, nani atakwenda kumwangalia yule bibi mjane wa benchi la pili, aliyekuwa haamki kitandani? Akina mama walikuwa wameshajifunga vitenge waende. Mimi mchungaji wenu nikasimama nikasema, "Niachieni mimi." Mkaniachia. Mkaketi. Sikwenda, wapendwa. Wiki nne nilikuwa na shughuli. Nilipofika, nilikwenda kuzika.

Mngekwenda ninyi. Miguu mlikuwa nayo, uji mlikuwa nao. Niliwafunga mimi kwa neno moja.

Sisi tunaogopa sana kusema "siwezi." Tunaona aibu. Lakini ni watu wangapi wanalia leo, si kwa kukosa msaidizi, bali kwa sababu kuna mtu ameshika nafasi ya msaidizi na hasaidii? Baba, ada ya mtoto umesema niachieni. Dada, upatanisho wa ndugu zako umesema niachieni. Masikio yako yamejaa nyuzi, na wenye masikio mazima wamekaa kimya wakikuheshimu.

Hili hapa daftari la wagonjwa. Lina majina sita. Limekaa mezani kwangu tangu Pasaka, na mimi siliwezi peke yangu.

Nani atakuja kulichukua?