Zimwi Lililokaribishwa Dagaa

Haya sogeeni, na atakayesinzia asiniulize mwisho!

Mafuriko yalizoa maghala yote, kijiji kikabaki kilimani na chungu kimoja cha ajabu: ukikikoroga, kinajaa dagaa wa chumvi.

Zimwi likaja likiogelea. "Nitawala nyote!"

Bi Nyamvula, mpishi, hakuzoea kumwacha mtu asimame wenzake wakila. "Karibu. Nawa kwanza."

Zimwi halikuwahi kukaribishwa popote. Likanawa, likala, likaongezwa, likaongezwa tena.

"Bado una njaa, baba?"

"Nimeshiba. Ila dagaa hawa! Nina kiu!"

"Maji hayo hapo chini."

Likainama likanywa, likanywa, likanywa, mpaka mashamba yakaonekana. Likaondoka likiyumba, tumbo mbele. Kwa mbali likaita:

"Mama! Kesho mnapika saa ngapi?"