Jina la Binti wa Kurwa

Masikio nipeni, hadithi ninayo. Msiniulize nimeipata wapi. Nilikuwa napita tu.

Walikuwepo wanawake watatu. Doto alikuwa na ngozi ileile ya pacha wake, Kurwa. Mize alijua kufuma. Havijawa alikuwa na subira, kitu ambacho siku hizi hakipatikani hata kwa dawa.

Kurwa akamwagikiwa mafuta ya maandazi, shingoni hadi mapajani. Akapona vibaya, kidevu kimegandana na kifua. Mchumba hakumkimbia; mwenyewe ndiye aliyekataa kuolewa ilhali hawezi kuinua uso amtazame mume. Hospitali kubwa wakasema wataotesha ngozi mpya.

Doto akatoa ngozi ya paja lake iwe mbegu. Kovu likavimba, mchumba wake alipoliona akavunja posa. Aliliona wapi kabla ya ndoa? Mimi simo.

Mize, fundi wa maabara, akafuma wavu wa hariri. Ni kama miti wanayopandia waashi: ngozi iukwee, ikishajishika, wavu uyeyuke. Wa kwanza aliubana mno, mbegu zikashindwa kupenya, zikafia juujuu. Akafuma tena na tena, akipanua matundu, hadi macho yakaingia ukungu. Leo hata uzi kwenye sindano anatungiwa.

Havijawa, muuguzi, akailea ngozi ile kwenye kabati la joto, akiilisha kama kichanga. Akishika mwingine, inasinyaa. Habari zikaja kwamba mama yake ni mgonjwa sana kijijini. Akasema, "Nikiiacha sasa, itakufa." Haikufa. Aliyekufa ni mama, akazikwa bila yeye.

Ngozi ikapandikizwa, Kurwa akainua kidevu, akaolewa, akazaa binti. Akawaita wote watatu. Hakuwa na cha kuwalipa ila jina la mtoto, nalo ni moja.

Mize akasema, "Wavu wangu umeyeyuka, shoga. Hakuna atakayeuona tena. Angalau jina libaki."

Doto akasema, "Kurwa, hiyo shingo ni mimi."

Havijawa alikuwa akitazama sakafu. "Langu acheni. Mpeni la mama yangu."

Kurwa akainamisha kichwa, kidevu kikagusa kifua kama zamani.

Mtoto sasa anatambaa, na bado anaitwa "mtoto" tu. Kila nikimwona, roho inaniuma.

Haya, wewe unayejifanya umesinzia: ungekuwa Kurwa, ungemwita nani?